Kadena ya Robine

Harufu ya maji ya sabuni yaliyolala ndani ya beseni haipendwi na mtu. Ina uchachu kidogo, ina kitu cha shati la jasho na kitu cha sufuria ya maharage, na ikiachwa hadi kesho yake inaanza kukumbusha vyura. Juzi nilipita nyuma ya nyumba ya jirani yangu hapa Mbunya, nikaisikia, nikasimama. Jirani aliona haya, akainama kuyamwaga. Nilimwambia ayaache. Sikumweleza sababu, maana yeye alikuwa anatoka kwenda sokoni na maelezo yangekuwa marefu. Ninyi mmeshaketi, basi nitawaeleza.

Tulikuwa tunakaa Saio, katika parsele moja, kiwanja chenye nyumba nne zilizotazamana. Mwenye parsele aliishi Kisangani na sisi watoto tulimjua kwa sauti tu, ile sauti kubwa iliyotoka ndani ya simu ya baba mwisho wa kila mwezi. Katikati ya uwanja, karibu na mti wa avoka, palisimama robine, bomba moja la maji kwa sisi wote. Konteri, ile mita ya kupimia maji, ilikuwa moja, na fakitire, yaani bili ya maji, ilikuja moja, ikagawanywa sawasawa kwa milango. Muzee Gabriele, aliyeishi peke yake na kufua shati lake la kanisani na lile la nyumbani, alilipa sawa na nyumba iliyojaa watoto. Alilalamika kwa adabu, na watu walimwitikia kwa adabu, kisha maji yakaendelea kumwagika. Robine iliachwa ikitiririka huku mtu amekwenda kutafuta sabuni. Watoto walioshea miguu hapo, bata wakaogelea kwenye tope lake. Ukiuliza nani anaharibu maji, kila mlango ulielekeza kidole kwa mlango wa mbele yake.

Fakitire ikapanda mpaka ikawashinda. Siku moja watu wa maji walikuja na ufunguo wao mkubwa wa chuma, wakafunga bila maneno mengi, wakaenda zao. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka miguu ya mama ikipanda kutoka chemchemi ya bondeni, bidoni, dumu la maji, kichwani, na tumbo lake likiwa na mdogo wangu. Alikuwa anatembea kwa kuhesabia pumzi. Akifika uwanjani aliketi kizingitini akitazama yale maji kama mtu anayetazama mgeni aliyemchosha.

Baada ya kuchanga na kulipa, maji yalirudi, na watu wakaketi chini ya mti wa avoka kutafuta wa kuyalinda. Walimchagua baba. Alikuwa direktere wa disipline, yaani msimamizi wa nidhamu, katika shule moja ya sekondari, kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni asubuhi na kuwarudisha nyumbani waliochelewa. Muzee Gabriele ndiye aliyetoa hoja iliyomaliza mjadala. Alisema, "Ule anaweza kunyima hata mama yake." Watu walicheka, baba hakucheka. Alilipokea lile neno kama sifa.

Kesho yake alinunua kadena, yaani kufuli, sokoni. Haikuwa kadena ya kawaida ya sanduku. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na kabla ya kuiweka aliijaribu kwa nyundo mbele yetu, akaridhika. Aliita fundi wa kulehemu, akajenga kisanduku cha vyuma kuzunguka robine. Maji yalifunguliwa asubuhi na mapema, kila nyumba ikachota bidoni zake kwa zamu, kisha kadena ikalia "ka", na uwanja ukakauka hadi jioni. Bata wa jirani waliuzwa wiki hiyo hiyo.

Sheria yake nyingine ilihusu maji machafu. Alikuwa na msemo wake, nausikia hata sasa: "Maji haiingie mu udongo mbele ya kufanya kazi mbili." Maji yaliyoosha mchele yaliosha sahani. Maji yaliyofua nguo yaliosha sakafu, na yaliyobaki yaliwekwa kwenye mabeseni na ndoo kuukuu chini ya ukingo wa paa, kila nyumba na safu yake, ya kumwagia chooni. Ukipita uwanjani mchana wa jua uliona yale mabeseni yamepangwa kama watu wanaosubiri daktari, kila moja na rangi yake ya kijivu. Baba aliyakagua akirudi kazini. Beseni tupu alilitazama vibaya kuliko lililonuka.

Fakitire ilishuka. Hakuna aliyemshukuru, kwa kuwa watu hushukuru kile kinachoongezeka. Walimwita Direktere, na mimi, kwa kuwa nilikuwa binti yake wa kwanza, watoto wa parsele waliacha jina langu la Dorika, wakaniita Robine. Tukicheza kujificha nilikuwa wa mwisho kuitwa. Hata Kahindo, rafiki yangu wa kweli, aliniambia siku moja kwa huruma kwamba si kosa langu, ni baba tu niliyepewa.

Kahindo na wazazi wake walikuwa wametoka Butembo. Baba yake alikuwa dereva wa lori, tulimwona mara chache. Mama yake alikaanga karanga na kuuza mbele ya parsele, na jiko lake lilikuwa kibanda cha mbao kilichoegemea ukuta wa nyumba ya Muzee Gabriele. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono ya haraka. Sisi tulikuwa watu wa hapa Ituri tangu babu na babu. Kwa siku za kawaida jambo hilo halikuwa na uzito wowote, tulisali kanisa moja na kuazimana chumvi. Lakini niliwahi kuona kwamba mtu akikasirika sana husahau jina la jirani yake, akabaki anakumbuka alikotoka tu.

Kiangazi cha mwaka ule mtoto mdogo wa Mama Kahindo aliugua tumbo. Nepi zilikuwa nyingi na maji ya zamu hayakutosha. Alimwomba baba, na baba alijibu kwamba akifungulia mmoja atafungulia wote, na wote wataishia bondeni tena. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema mtu anayesoma tangazo. Mama alikuwa anachambua maharage karibu, hakuinua kichwa. Ila baba alipokwenda kazini, ufunguo uliokuwa ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wetu ulitoka, na ulirudi kabla hajarudi. Hivyo kwa siku kadhaa. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu sikuulizwa.

Kilichomfichua ni kamba ya nguo. Baba alirudi siku moja, akasimama uwanjani, akaziona nepi nyeupe zikipepea katika siku ambayo kwa zamu za maji haikuwezekana nepi yoyote kuwa nyeupe. Alizitazama kwa utulivu wa mtu aliyezoea kushika wanafunzi. Hakumuuliza mama kitu.

Jumamosi iliyofuata baba alikuwa na safari ya Marabo, ambako tulikuwa na kishamba cha muhogo. Alifungua maji alfajiri kama kawaida, akafunga. Kisha akaingia ndani, akautoa ufunguo kwenye msumari, akautia katika mfuko wa shati na kufunga kifungo cha mfuko. Nilikuwa nimeketi kitandani, nikaona. Mama alikuwa anafagia, naye akaona. Ufagio haukusimama. Pikipiki ilimchukua, akaenda.

Jua lilipopanda, upepo wa kiangazi ulikuja na vumbi lake. Mama Kahindo alikuwa ameacha mbabula ya makala, jiko lake la makaa, ndani ya kibanda, akatoka kumpimia mteja karanga. Upepo uliingia kabla hajarudi. Cheche zikaruka kwenye gunia la makala, gunia likashika ubao, na ubao ule ulikuwa haujaonja mvua tangu siku nyingi. Jambo la kwanza nililosikia ni mlio kama wa mtu anayevunja vijiti. Halafu moshi mweusi, halafu sauti ya Mama Kahindo ikimwita mtoto wake mdogo kwa jina, mara moja tu, maana alikuwa tayari anakimbia kuingia ndani ya kibanda ambako mtoto alikuwa amelala.

Alitoka naye amembana kifuani. Moto ulikuwa umeshafika juu, unalamba mbao za paa la Muzee Gabriele. Watu walikimbilia robine wakiwa na ndoo, wakasimama mbele ya kile kisanduku cha vyuma. "Ufunguo!" mtu alisema. Wote wakamgeukia mama. Mama akatikisa kichwa. Kijana mmoja aliokota jiwe akaipiga kadena, akapiga tena na tena. Baba alikuwa ameijaribu vizuri. Ilipata mikwaruzo tu.

Hapo ndipo mama aliposema, si kwa kelele, lakini wote walisikia: "Maji ya sabuni. Chukueni ile maji ya sabuni."

Ilikuwa kama walikuwa wameyasahau. Waliyageukia yale mabeseni yote chini ya kila paa, ya kijivu, ya kahawia, yenye makombo ya mchele na povu lililokufa. Wanawake waliyabeba wawili wawili, sisi watoto tukashika ndoo ndogo. Maji ya nepi yalimwagwa, maji ya sakafu, maji ya sufuria za muhogo. Moto ulifoka, ukatoa mvuke wenye harufu ambayo siwezi kuwaelezea, ukapanda, ukashuka. Beseni la mwisho lilikuwa la kwetu. Lilipomwagika, kilichobaki ni mbao nyeusi zinazotiririka, na Muzee Gabriele amesimama mlangoni pake amekumbatia redio yake, kitu pekee alichokuwa amekiokoa kwa kuwa hakuwa na kingine alichokipenda.

Kibanda kiliungua chote. Paa la Muzee liliungua ukingo. Mama Kahindo alibabuka kidogo kiganjani. Mtoto alikuwa mzima, analia kwa njaa.

Ingeweza kuishia hapo, lakini moto ukizimika watu hubaki na mikono mitupu. Kasereka, shemeji wa Mama Kahindo, alifika na pikipiki yake, na nyuma yake marafiki zake wenye pikipiki zao. Alikuwa kijana mpole, aliwahi kuniletea pipi. Alikitazama kibanda, akaitazama kadena. Sauti yake ilianza chini.

"Batu ya hapa wanatuona siye kama nini?" alisema. "Anafunga maji, anaenda zake Marabo, siye tuungue na batoto?"

Muzee Gabriele akasema, "Hata miye ningeungua, Kasereka. Na miye niko wa hapa."

"Weye ni muzee, huelewe. Nauliza ule direktere iko wapi."

Marafiki zake walishuka kwenye pikipiki. Wanaume wa nyumba ya nne, waliokuwa wenyeji kama sisi, walisogea karibu na mlango wetu bila kuombwa. Hakuna aliyegusa mtu. Uwanja ule niliokuwa nacheza kila siku ulikuwa ghafla na pande mbili, na sikujua nisimame wapi, kwa kuwa Kahindo alikuwa upande ule mwingine.

Mama alipita katikati. Nguo zake zilikuwa zimelowa yale maji machafu, na masizi yalikuwa usoni. Alisema, "Ufunguo ilikuwa na miye. Baba Dorika aliniachia asubuhi. Nikaupoteza. Mukasirike na miye."

Nilimtazama. Ni mimi niliyefundishwa naye amri kumi, kwa fimbo ndogo ya mti wa avoka pale nilipokosea ya nane, ile ya kutosema uongo. Macho yetu yalikutana, na yake yakaniambia nikae kimya.

Mama Kahindo alikuwa ameketi chini akimnyonyesha mtoto. Aliinua kichwa polepole. "Weye, Mama Dorika?" aliuliza. Halafu akamwambia Kasereka, "Huyu ndiye alikuwa ananipa maji ya mutoto. Bwana yake hakutaka, yeye alinipa. Sasa utamufanya nini?"

Kasereka akaketi juu ya bidoni iliyopinduliwa. Wenzake wakaanza kuangalia simu zao. Mwanamke mmoja akamlaumu mama kwa uzembe, mwingine akasema kila mtu hupoteza kitu, na ile hasira ikagawanyika vipande vidogo vidogo ambavyo kila mtu angeweza kurudi navyo nyumbani.

Alasiri baba alirudi, gunia la muhogo nyuma ya pikipiki. Mama alimkimbilia hadi kwenye lango, nami nilikuwa nimeshika upindo wa kitenge chake, kwa hiyo nilisikia. Alimweleza kwa haraka, kisha akasema, "Nimewaambia niliupoteza. Nyamaza tu. Tafazali."

Baba alimtazama, masizi yake, nguo zake. Aliangalia kupita juu ya kichwa chake hadi kwenye kibanda kilichoungua, akawaona watu wamegeuka wanamngoja. Kisha akamsogeza mama pembeni kwa mkono, taratibu, akaingia mpaka kwenye robine. Kifungo cha mfuko wake kilikuwa kigumu, kilimsumbua. Akautoa ufunguo, akauinua waone.

"Ufunguo ilikuwa na miye," alisema. "Niliubeba makusudi. Mama Dorika hakupoteza kitu."

Neno "makusudi" liliwaingia vibaya. Kasereka alisimama. Baba hakurudi nyuma, wala hakuongeza neno la kujitetea.

Aliyeongea ni Muzee Gabriele, redio bado kwapani. "Direktere, kadena yako ilitaka kutuunguza. Na maji yako ya kunuka ndiyo ilituponyesha. Sasa miye sijue nikuambie nini."

Mtu mmoja alicheka kwa pua tu, bila kutaka. Mama Kahindo akasema, "Kasereka, ikala chini." Akampa Kahindo mtoto, akainuka, akamwendea baba hadi wakatazamana. Alinyoosha mikono yake, mmoja ukiwa na kiganja chekundu.

"Fungua," alisema. "Niko na mikono nyeusi."

Baba akafungua. Alijaza ndoo, akachota kwa kopo, akammiminia yeye mwenyewe, kidogo kidogo, akikwepa pale palipobabuka. Maji yalidondoka chini, yakaingia udongoni bila kufanya kazi ya pili, naye akachota kopo jingine. Kisha akaomba burashi, akakunja suruali yake ya safari, akaanza kusugua masizi kwenye ukuta wa Muzee Gabriele. Alisugua hadi jua likaanza kuzama. Baada ya muda Kasereka alichukua burashi ya pili.

Kadena haikurudi. Walikubaliana zamu zibaki, na mabeseni yabaki, na kila nyumba ishike zamu yake kwa uaminifu. Mama Kahindo ndiye aliyeleta wazo la mvua. Kwao Butembo, alisema, paa la nyumba ni shamba, ni ujinga kuacha mavuno yake yaende mtoni. Walichanga mabati, fundi akayakunja kuwa mifereji, wakanunua pipa la plastiki. Baba alipanda ngazi upande mmoja na Kasereka upande wa pili, na mchana kutwa maneno yao yalikuwa mawili, "pandisha" na "shusha". Ngazi zilipotolewa walikuwa wameshazoeana kiasi cha kupeana maji ya kunywa. Mvua za kwanza ziliposhuka, pipa lilijaa kabla ya jioni, na watu wazima walitoka wakasimama kuliangalia kama watoto. Fakitire ya mwezi ule ilikuwa ndogo kuliko zote za wakati wa kadena. Baba aliisoma, akaikunja, akasema, "Nimeelewa." Hakueleza ameelewa nini.

Mimi kwa muda mrefu sikuelewa kitu kimoja. Nilimsamehe baba upesi, kwa kuwa alisema kweli. Mama ndiye niliyemkasirikia. Alikuwa amesema uongo mbele ya parsele nzima, na kanisani Jumapili ile nilimuombea kwa Mungu, kwa jina na kwa sauti ambayo nilihakikisha ataisikia. Alisikia, akanirekebishia kola ya gauni, akaendelea kuimba.

Nilipokuwa mkubwa, nimeolewa, nimeshaona jinsi ugomvi wa ukuta mmoja unavyoweza kuvuka barabara na kubadilishwa jina, nilianza kuuona uwanja ule upya. Wanaume wale waliosogea mlangoni petu hawakumpenda baba. Vijana wa pikipiki hawakumjua hata kwa sura. Walikuwa wanasogea kwa sababu nyingine, ya zamani kuliko robine, na mama alikuwa ameiona ikija. Alikuwa msichana katika miaka ya vita ambayo hapendi kuisimulia. Alijua sauti ya mwanzo wa jambo lile, na ilianza vivyo hivyo, chini chini, kwa swali.

Mwaka jana nilimuuliza. Alikuwa kwangu, anachambua maharage kama siku zote, baba amelala kwenye kiti chake barazani, mzee sasa, mdomo wazi kidogo.

"Niliona kama miye watanisamehe mbele ya jioni," alisema. "Yeye, ingechukua mwaka. Na ile mwaka, nani alijua itakuwa na nini ndani."

"Halafu baba akaja akaharibu."

"Akaharibu yote," alisema, akatupa jiwe dogo alilolipata katikati ya maharage. Alitazama barazani. "Niliogopa siku ile, Dorika. Nilisema, huyu mwanaume atafanya watuue."

Nikamuuliza kama alimkasirikia.

"Hapana," alisema mama. "Mahari ilikuwa imeisha kulipwa zamani, na weye ulikuwa umeshazaliwa. Lakini ni siku ile ndiyo nilijua niliolewa na nani."